Sahani Isiyoota Kitu

Watu wakisikia nimestaafu hunitazama kichwani kutafuta mvi. Nina miaka thelathini na sita. Presha ya macho ndiyo iliyonitoa maabara, na siku nilipokabidhiwa karatasi ya kuacha kazi kwa sababu za afya sikulia. Nilishusha pumzi. Kwa miaka kumi na minne niliamka kila asubuhi nikiogopa kwamba leo ndiyo siku nitakayoandika jibu la uongo juu ya mtu aliye hai, na sasa nilikuwa na karatasi yenye mhuri inayoniruhusu kutoliandika tena. Ninyi mliobaki pale mliniomba niwaachie mambo machache ya kazi. Nitayaandika yalivyofuatana. Lipo moja ambalo ndani yake jibu la uongo lilikwisha kuandikwa, na mkono ni wangu. Hilo sikuwahi kuwaambia.

Nilianzia Nachingwea, kuosha vyombo. Mimi ni mtoto wa Ruponda, baba yangu analima mikorosho na ufuta, na matokeo yangu ya kidato cha nne hayana sababu ya kutajwa hapa. Nafasi ilikuwa ya mhudumu: kuchemsha chupa, kufuta meza, kumwaga vilivyokwisha kupimwa. Maabara ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la wavu, hadubini moja, kabati moja la joto la kuoteshea vijidudu, na Bwana Mugisha. Alikuwa fundi wa maabara aliyehamishiwa kwetu kutoka Bukoba, na kila siku alilalamika kwamba ndizi za Nachingwea ni za kuchekesha.

"Unaogopa kinyesi?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Hapana, bosi."

"Basi rudi nyumbani. Asiyeogopa simpi ufunguo."

"Naogopa kidogo, bosi."

"Kidogo kwa leo. Kesho utaongeza."

Akaweka tone chini ya hadubini, akanionyesha seli za damu na za usaha kwenye choo cha mtu aliyekuwa amelazwa. Akasema mgonjwa huyu ana kuhara damu, na anayefanya haya yote ni kijidudu ambacho hakina hata miguu. Nikauliza swali la mtoto wa shamba: "Sasa kinamuumaje? Kina meno?"

Alicheka mpaka akavua miwani. "Meno hakina. Kina sindano."

Kisha akaenda kunywa chai. Kwake yeye somo lilikwisha. Mimi lile neno lilinikaa kifuani, na siku hiyo sikula.

Nilijifunza mwenyewe, kwa simu yenye kioo kilichopasuka na kamusi iliyokosa jalada. Jumapili nilikaa nyuma ya nyumba ya shangazi yangu nikisoma makala za Kiingereza ambazo sentensi moja ilinichukua asubuhi nzima. Nitawaeleza nilichoelewa, maana baadhi yenu mna cheti kizuri kuliko changu na bado hamjui kilichomo ndani ya vile vidoa vya vijidudu mnavyovihesabu.

Kijidudu cha kuhara damu kina ngozi mbili, moja ndani ya nyingine, kama ganda la yai na ule utando wake. Kikitaka kutuma kitu nje lazima kizipenye zote mbili. Kwa hiyo kimejijengea mtambo. Kuna pete zilizopandana, zilizotoboa ngozi zote mbili na kuzibana pamoja kama boliti inavyobana mbao. Katikati ya pete kuna bomba, na bomba hilo linatokeza nje kuwa sindano. Chini kabisa, upande wa ndani, kuna sehemu inayopokea protini na kuzikunjua, kama mtu anayefumua fulana iwe uzi, kwa kuwa tundu la sindano ni jembamba mno na halipitishi kitu kilichojikunja. Uzi unapita. Ukifika ndani ya seli ya utumbo wa binadamu unajikunja upya, unakuwa fulana tena, na unaanza kutoa amri. Amri yenyewe ni kwamba seli inyooshe ngozi yake na kukimeza kijidudu. Mwenye nyumba anamfungulia mwizi, na anamshika mkono asijikwae.

Si vijidudu vyote vinafanya hivyo. Kile cha kipindupindu sumu yake haipitii sindano. Sumu hukunjwa kwanza, ikakamilika, katika nafasi iliyo kati ya ngozi mbili, ndipo kitu kama mchi wa pampu kikaisukuma nje kupitia lango. Kuna vingine vina mkuki uliovalishwa ala. Ala ikijikaza ghafla mkuki unachomoka na kukichoma kijidudu jirani. Niliposoma hayo nilifarijika kidogo kujua kwamba na wao wana majirani wabaya. Nilishangaa pia kwamba pete za ile sindano zina undugu na pete za mkia ambao vijidudu vingine huogelea nao. Wataalamu wanayajua haya kwa kugandisha vijidudu ghafla katika baridi kali, kuvipiga picha kwa miali ya elektroni, kisha kupandanisha maelfu ya picha zenye ukungu mpaka umbo litokee.

Lakini kilichonitia hofu hasa ni ncha. Ile sindano ina kizibo mdomoni. Haimwagi ovyo kama mtu aliyelewa. Inakaa imefungwa, inasubiri, mpaka iguse seli. Na kwa kuwa haipotezi kitu, vijidudu vichache sana vinatosha kumwangusha mtu. Baada ya kuelewa hilo nilianza kunawa mikono mpaka ikapasuka.

Bwana Mugisha alinikuta kwenye sinki. "Zuhura, hiyo ni mara ya ngapi?"

"Ya tano, bosi."

"Ukimaliza ngozi, uoshe na mifupa."

Alinitania hivyo, lakini ndiye aliyenipa ufundi. Niliunda mfano wa ule mtambo kwa vifuniko vya ndoo na bomba la kalamu, akauweka juu ya kabati na kuwaambia wageni kwamba umetengenezwa na profesa wa Ruponda. Alinifundisha kuchoma kitanzi cha waya kwenye taa ya spiriti mpaka kiwe chekundu, kisha kusubiri, kwa sababu kitanzi cha moto huua kile unachokitafuta. Alinifundisha kuandika jina la mgonjwa kwenye sahani ya kuoteshea kabla ya kufungua chupa, si baada. Na alikuwa na kanuni aliyoirudia mpaka nikachoka nayo: jibu likikufurahisha, lipime tena.

Jinsi nilivyotoka kwenye kuosha chupa mpaka kusoma sahani naruka. Ilikuwapo mitihani, nikaifanya. Bwana Mugisha alirudi kwao, na mimi nikahamishiwa hospitali moja ya Ruangwa, kwenye maabara ambayo siku nyingi nilikuwa peke yangu, kabla ninyi hamjaja.

Huko ndiko hofu yangu ilikovaa nguo za ubora. Sahani zangu zilikuwa nzuri, nisiwadanganye. Mistari ya kupanda vijidudu niliichora kama matuta ya shamba la mwalimu. Maandishi yangu yalisomeka kutoka mlangoni. Kidoa cha ukungu kikiota pembeni ya sahani nilishinda siku mbili nikijilaumu. Niliona usafi na ukweli kuwa kitu kimoja.

Kisha akaja Bi Mwanaidi. Alikuwa mkulima wa Narung'ombe, mwanamke wa makamo hivi, na mtoto wake Rukia alikuwa na miaka minne. Ulikuwa msimu wa kupulizia mikorosho, maji yamepungua visimani, na Rukia alikuwa na homa na kuhara damu. Tabibu alimpa vidonge vya kawaida, havikusaidia, akataka choo kioteshwe ili ajue dawa gani itakiua kijidudu hicho. Mtoto siku hiyo hakupata choo. Vikopo vyetu vya sampuli vilikuwa vimekwisha. Basi nikamwambia mama yake, na maneno haya nayakumbuka kama shahada: "Ukifika nyumbani, akipata choo, niletee kwenye chupa safi yenye mfuniko unaokaza."

"Safi namna gani, dokta?" Kule kila mwenye koti jeupe ni dokta.

"Safi kabisa. Chagua iliyo nzuri."

Kesho yake asubuhi alikuja na pikipiki. Alinipa chupa nyeupe ya plastiki, nzito, mfuniko wake umekaza hasa. Ilikuwa imesuguliwa mpaka karatasi yake yote imetoka. Nilimsifu. Alifurahi, akasema ameisugua kwa sabuni na mchanga, kisha akaichemshia maji.

Nilipoifungua nilisikia harufu. Niandike wazi, kwa sababu hapa ndipo penye deni langu. Haikuwa harufu ya choo. Ilikuwa nyuma ya ile ya choo, kali kidogo, inayogusa pua kwa juu. Mimi nimekulia chini ya mikorosho. Baba akirudi kutoka shambani msimu wa dawa ya mikorosho, shati lake lilinuka hivyo hivyo, na mama alilifua peke yake. Pua yangu ilijua. Kichwa kikasema labda ni spiriti ya taa. Nikafikiri pia kumrudisha Narung'ombe mwanamke aliyekwisha kufika, aliyesugua chupa kwa mchanga kwa sababu nilimwambia safi, na niliona aibu. Nikachukua kitanzi, nikachoma, nikasubiri kipoe, nikapanda sahani mbili. Mistari ilinyooka.

Siku iliyofuata sahani zote mbili zilikuwa tupu. Hapakuwa na kidoa hata kimoja, wala ukungu pembeni. Nilizigeuza kwenye mwanga. Sijawahi kuona sahani nzuri namna ile, na nilifurahi. Nilizirudisha kwenye kabati la joto siku moja zaidi, nikijiona mwangalifu, kisha nikaandika: hakuna kilichoota. Mwandiko mzuri.

Tabibu aliposoma aliondoa ile dawa ya bakteria, akampa mtoto dawa ya amiba, maana amiba nayo huharisha damu na haioti kwenye sahani zetu. Alifanya sawasawa kulingana na karatasi yangu. Bi Mwanaidi akaichukua dawa na kurudi kwao.

Kesho yake, Ijumaa, nilikuwa nasoma sahani ya mpishi wa shule aliyekuja kupimwa afya tu, mzima kabisa. Ilikuwa imejaa. Vidoa vya waridi vimesongamana mpaka mstari wa mwisho, kama inavyotakiwa, kwa sababu choo cha mtu mzima wa afya ni soko, kina vijidudu vya kila aina visivyo na ubaya wowote. Nilikuwa tayari nimeandika nusu ya jina lake. Kalamu ikasimama.

Choo hakiwezi kukosa kuota kitu. Choo cha nani hakioti kitu? Sahani ya Rukia haikuwa safi. Ilikuwa imekufa.

Nilikwenda kwenye ndoo ya taka za kuchomwa. Chupa ilikuwa bado ipo. Niliisogeza puani, nikasikia shati la baba yangu.

Nilikaa chini sakafuni, mahali ambapo siwaruhusu ninyi hata kuweka begi. Nawaambia nilichokiona pale chini, maana ndicho kilichobaki nami. Niliona zile pete. Niliona sindano moja moja imefungwa kizibo, inagusa, inafunguka, uzi unapita. Nilijua kila hatua ya kinachotendeka ndani ya tumbo la mtoto yule, na nilijua kwamba kwa siku moja nzima hakuwa na dawa yoyote ya kukizuia, kwa jibu langu. Nimekaa Jumapili nyingi nikisoma umbo la kitu ambacho jicho la binadamu haliwezi kukiona, nikashindwa kusoma sahani tupu mkononi.

Nilipiga simu ya Bi Mwanaidi. Imezimwa. Nilimwendea tabibu.

"Jibu la Rukia si kweli," nikasema.

"Si kweli vipi?"

"Chupa ilikuwa na dawa ya mikorosho. Iliua kila kitu."

Alinitazama. "Una uhakika?"

Neno hilo ndilo ugonjwa wangu. "Nina uhakika sina jibu," nikasema. "Nataka pamba ya kuchukulia sampuli na ruhusa ya kutoka."

Pikipiki ilinifikisha Narung'ombe mchana. Nje ya nyumba walikuwa wamekaa wanawake kama sita, kimya, na nikajua kimya hicho si cha kupumzika. Ndani, Rukia alikuwa amelala kwenye mapaja ya bibi yake. Asubuhi ile alikuwa ameshikwa na degedege mara mbili. Bibi alinung'unika kwa Kimwera, akidhani mgeni sitaelewa, na mimi nikamjibu Kimwera.

"Wewe wa wapi?" akauliza.

"Ruponda, bibi."

"Umeleta dawa?"

"Nimekuja kumchukua."

"Mnamchukua, mnamrudisha, mnamchukua. Ni mtungi huyu?"

Nilimgusa mtoto paji la uso. Alikuwa na moto. Macho yamefunguka nusu, hayamfuati mtu. Nilijua kutoka kwenye masomo yangu kwamba kuhara damu kunaweza kuleta degedege kwa watoto, na nilijua pia kwamba hakuna anayeweza kusema mapema nani ataamka sawa na nani hataamka. Bi Mwanaidi alifunga kanga bila kuniuliza kitu. Tulipanda watatu nyuma ya dereva, mtoto katikati, na njia nzima nilimshika mguu nikihesabu pumzi zake kwa mgongo wa mkono.

Tabibu alimchoma sindano ya dawa saa ile ile, hakusubiri sahani. Nilichukua sampuli mwenyewe, kutoka kwa mtoto moja kwa moja mpaka kwenye sahani, na kwa haraka mistari ikapinda kama njia za kumbikumbi. Ile ndiyo sahani mbaya kuliko zote nilizopanda, na ndiyo iliyosema kweli. Kijidudu kiliota. Dawa ya mwanzo haikukiweza, ile ya sindano ilikiua. Jumatatu Rukia aliomba uji.

Mama yake alinipigia magoti sakafuni kunishukuru kwamba nilimfuata mtoto wake mpaka kijijini. Nilimwinua. Habari ya chupa sikumwambia. Wala tabibu hakusema, aliniachia mimi. Kwenye daftari la maabara niliandika "sampuli ya kwanza haikufaa", na hilo ni kweli, kama vile ni kweli kwamba mtu aliyeanguka kutoka juu ya mnazi ameshuka.

Tangu siku hiyo nilifanya mambo matatu ambayo ninyi mliyaona ni ukali. Sipokei chupa ya nyumbani, hata ikiwa imechemshwa na malaika. Kila chombo nanusa kwanza kabla ya kuchoma kitanzi. Na sahani tupu ya choo siiandikii jibu, naita mgonjwa arudi. Mlikuwa mkinicheka mkiniita mbwa wa polisi. Sasa mnajua nilikuwa nanusa nini.

Mwezi uliopita, kabla ya kukabidhi funguo, nilikwenda Narung'ombe. Rukia ana miaka kumi na miwili. Ni mrefu, anacheka sana, na mwalimu wake analalamika kwamba anasahausahau. Huenda ni mtoto tu. Huenda ni yale masaa ya degedege. Kila nikisikia kwamba Rukia amesahau daftari, nayahesabu upya.

Bi Mwanaidi alikuwa uani akipepeta ufuta. Nilimwambia yote, nikiwa nimesimama, kwa haraka, kama mtu anayesoma tangazo. Ungo ukatulia mkononi mwake.

"Chupa ile nyeupe?"

"Ile."

"Ilikuwa ya dawa ya mikorosho. Mume wangu aliitoa shambani. Lakini mimi niliisugua, Zuhura. Kwa mchanga."

"Najua."

"Nilichagua ile kwa sababu ndiyo nzuri. Zile nyingine zilikuwa za mafuta, zina utelezi." Akautazama ungo. "Kwa hiyo ni mimi."

Hilo ndilo nililoliogopa miaka minane. Nilikuwa nikijiambia nanyamaza kwa ajili yake, asije akalibeba. Nilinyamaza kwa ajili yangu.

"Si wewe," nikasema. "Mimi ndiye niliyesema chupa safi, sikukuuliza ilikuwa ya nini. Na harufu niliisikia."

"Uliisikia?"

"Niliisikia, nikapanda hivyo hivyo."

Aliokota punje ya ufuta iliyoanguka, akairudisha kwenye ungo.

"Na kuku niliokuletea kila Idi ulikuwa unawala?"

"Nilikuwa nawala."

"Wote?"

"Wote, dada."

"Haki ya Mungu, wewe una roho." Karibu acheke, kisha kicheko kikamwisha usoni. Kutoka barabarani tulimsikia Rukia akigombana na wenzake juu ya kamba ya kurukia. "Huku kusahau kwake," akasema kwa sauti ya chini, "ni ile homa?"

Maisha yangu yote ya kazi nimetafuta jibu lenye uhakika, na kila mtu aliyeniuliza nilimwambia asubiri kwanza nipime. Hapa hapakuwa na cha kupima.

"Sijui," nikamwambia.

Alitikisa kichwa taratibu. Akamwaga makapi pembeni, akajaza ungo upya.

"Basi kaa," akasema. "Tusiojua tuwe wawili." Na akanisogezea ungo wa pili.